Maha Katika Banda la Punda

Bidiya, Jumamosi, 20 Juni 1998

Mitihani imekwisha. Mama amekwishaikata sare yangu ya shule kuwa matambara ya jikoni, hakungoja hata jioni. Nilipoona kipande cha mkono wa sare kikifuta sufuria nikatamani kulia, halafu nikaona haya.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Bibi Kaltham ndiye aliyenifundisha kukiandika, na kwa sababu msichana asiyesema mbele za watu lazima apate pa kusemea. Bibi kazaliwa Tabora. Baba naye kazaliwa huko. Mimi na kaka yangu Azzan tumezaliwa hapa Bidiya, baada ya wao kurudi Oman kwa mababu.

Jumanne, 23 Juni

Ustadha Thuraya, aliyenisomesha jiografia, amekuja kunywa kahawa. Kiangazi hiki anaendesha klabu ya watoto pale kwenye jumuiya ya wanawake. Anataka siku ya kufunga nisimame niwazungumzie watoto juu ya wanyama wa taifa wa nchi mbalimbali, na kwa nini walichaguliwa.

Nikatazama zulia. Mama akajibu, "Atakuja."

Jumatano, 24 Juni

Leo nimeanza utafiti wangu kwa Bibi. Azzan alikuwa amelala kwenye mkeka akitazama mpira wa Kombe la Dunia.

"Bibi, kwa nini Tanganyika walimchagua twiga?"

"Ulitaka wamchague nani, fisi?"

"Nataka sababu."

"Sababu hiyo hapo. Twiga hagombani na mtu. Yeye anakula juu, mbuzi anakula chini, kila mmoja na riziki yake. Si kama simba, kutwa kulala, anangoja wake zake wakamwindie."

"Tunaye mmoja humu," akasema Mama, na kumpiga Azzan mguuni kwa ufagio.

Nikamwonyesha Bibi mnyama wetu wa Oman katika kitabu cha shule. Maha, mweupe, uso umepakwa weusi, pembe mbili ndefu zimenyooka kama fito. Bibi akavaa miwani. "Aa, huyu choroa! Niliwaona njiani tukienda Arusha. Ila wa kule wana rangi ya majivu. Huyu wenu kaoga."

Nikamsomea kwamba yule wa mwisho porini aliuawa mwaka 1972, wakawa hawapo tena, na kwamba miaka kumi baadaye waliletwa wengine waliozaliwa Marekani, wakaachiwa kule jangwani kusini, Jiddat al-Harasis.

Bibi akafikiri. "Kumbe naye karudi. Tena kazaliwa Marekani! Wanamwita Mmarekani?"

"Hapana, Bibi."

"Basi bahati yake. Mimi mpaka leo dukani naitwa bibi wa Zinjibar, na Zinjibar yenyewe nimeipita tu, melini, natapika."

Mimi na Mama tulicheka sana. Azzan hakucheka. Akainuka akazima televisheni, na mpira ulikuwa haujaisha.

Ijumaa, 26 Juni

Joto. Nimekaa na miguu katika maji ya falaji, mfereji wa mashamba yetu, mpaka adhuhuri.

Jumapili, 28 Juni

Tumehamia shambani kwa ajili ya tabsili. Tende zetu za mabsili hatuzingoji ziive, tunaziangusha zingali njano, tunazipika katika masufuria ya shaba makubwa kama birika la kuogea, kisha tunazianika juani mpaka zikunjamane. Moshi wa makuti umeshaingia nywele zangu na hautatoka mpaka mwezi wa nane. Kazi ya wanawake ni kuchambua tende kwenye vichala. Vidole vinanata, na hata ukijikuna unajuta.

Mabedui nao wametoka mchangani kuja kwenye mitende yao, kama kila mwaka. Familia ya Khalaf iko ng'ambo ya ukuta wetu. Khalaf amesoma na Azzan darasa moja tangu wakiwa wadogo. Sauti yake naijua kuliko uso wake, kwa sababu kila akija mimi huwa nyuma ya mlango na trei ya kahawa. Ina utulivu. Nadhani mtu mwenye sauti kama ile hawezi kuwa na haraka ya jambo lolote.

Siandiki zaidi ya hapo.

Jumatano, 1 Julai

Vijana wamekunywa kahawa kwetu tena. Wanamwita Azzan "Tabora".

"Ya Tabora, gari lako linajua mchanga, au linajua matope tu?"

"Kwao kuna mvua, lina mapezi!"

Azzan alicheka kuliko wote. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kicheko chake kimerefuka kupita pale kicheko kinapotakiwa kuishia. Khalaf hakumtania. Alisema tu, "Mwacheni. Atakuja nasi, tutaona." Nikamshukuru kimoyomoyo.

Ijumaa, 3 Julai

Baba yuko nyumbani. Wiki nzima huwa Nizwa kazini, Alhamisi na Ijumaa ndizo zetu. Amenisikiliza nikisoma mwanzo wa hotuba yangu. "Wazo zuri," akasema, "lakini umeandika kwamba mnyama wa taifa huchaguliwa kwa nguvu zake. Twiga ana nguvu gani? Fikiri tena." Baba hakemei. Anasema "fikiri tena", na unatamani angekemea.

Jumapili, 5 Julai

Azzan ameondoka na Khalaf na wengine wawili. Wanakwenda kusini kutembea, kasema.

Jumanne, 7 Julai

Wamerudi leo mchana, gari limejaa vumbi mpaka ndani ya vioo. Azzan hakuja kula. Mama akanituma nimpelekee chakula kule mwisho wa shamba, kwenye banda la udongo alilokuwa akikaa punda wetu zamani.

"Ingia, funga mlango."

Sikuona kitu mwanzo. Kisha nikaona macho. Alikuwa amelala kwenye makuti, rangi ya mchanga mtupu, miguu imefungwa kwa kilemba cha Azzan, kile cha Idi. Pembe zake si ndefu kuliko kidole gumba changu.

"Nini hiki?"

"Maha."

"Maha ni mweupe."

"Huyu bado mtoto. Weupe unakuja baadaye."

Nilipiga magoti. Sijui kwa nini, nikamtolea salamu. Masikio yake yalitetemeka. Azzan akanieleza haraka haraka, kama mtu anayesoma kitu asichotaka kukisikia mwenyewe. Kuna tajiri nje ya mpaka anayewataka hai kwa ajili ya bustani yake. Khalaf anamjua mtu wake. Atakuja kumchukua baada ya wiki moja, na hapa shambani kwetu hakuna atakayeshuku, kwa sababu Baba anafanya kazi serikalini.

"Mama yake yuko wapi?"

"Alikimbia."

"Kaka, huyu ndiye mnyama wa..."

"Najua ni nani! Unadhani sijui?" Kisha akashusha sauti. Mikono yake ilikuwa na michubuko mpaka kwenye viwiko. "Khalaf aliendesha gari, mimi niliruka nikamshika. Mimi. Njia nzima ya kurudi, Ghaniya, hakuna hata mmoja aliyeniita Tabora."

Akaniapisha. Nimeapa.

Jumatano, 8 Julai

Siri ya shamba haifichiki kwa Bibi. Alifuata nyayo za Azzan na fimbo yake, akafungua mlango, akasimama pale akihema.

"Nani kamtoa mtoto huyu kwa mama yake?"

Azzan akatazama chini. Nilidhani Bibi atapiga kelele. Hakupiga. Alijishusha taratibu mpaka akakaa kwenye makuti, akakifungua kile kilemba, akamvuta kichwa ndama akamlaza pajani.

"Haya yameshakuwa," akasema. "Mtoto mgeni hapokewi kwa mikono mitupu. Ghaniya, lete tende. Si hizo za kupikwa, lete iliyoiva, laini."

Nikaleta. Akaitafuna kidogo, akasema bismillahi, akampaka ndama kwenye kaakaa kwa kidole chake, kama anavyowafanyia watoto wote wanaozaliwa katika ukoo wetu. Azzan alipakwa hivyo, na mimi pia, kabla hatujaonja hata maziwa. Ndama akakilamba kidole, akalamba tena. Bibi akacheka mpaka machozi.

"Mnaona? Sasa ni wetu huyu."

Hata Azzan alitabasamu. Azzan amemtafutia maziwa ya mbuzi na chupa. Mama naye ameshajua, na kauli yake ni moja tu: "Baba yenu asijue. Ijumaa itapita."

Ijumaa, 10 Julai

Tulikuwa tunakula mkate na asali, sote. Ndama akalia. Sauti yake si ya mbuzi, ni nyembamba zaidi, inakatika mwishoni.

Baba akaacha kutafuna. "Nini kile?"

"Mbuzi," akasema Azzan.

"Sisi hatuna mbuzi mwaka huu." Akanigeukia mimi. Si Mama, si Azzan. Mimi. "Ghaniya, mbuzi wa nani?"

Naandika hapa kama ilivyokuwa. Mama alikuwa anamimina chai, na chai ikawa inapita ukingo wa kikombe. Azzan alinitazama kwa uso aliokuwa nao akiwa na miaka kumi, alipovunja redio. Na kinywa changu, ambacho hakiwezi kumwambia muuza duka nataka chumvi, kikafunguka bila shida.

"Wa jirani, Baba."

"Haya," akasema Baba, akaendelea kula. Aliniamini kwa sababu ni mimi.

Jumamosi, 11 Julai

Baba karudi Nizwa. Nilimshikia mkoba wake mpaka garini. Ningeweza kusema pale.

Jumapili, 12 Julai

Ndama anasimama, anamfuata Bibi. Bibi anasema maziwa pekee ni chakula cha wagonjwa, kwa hiyo anampa tende zilizopondwa asubuhi na jioni, na mchana anazichanganya na unga wa dagaa wakavu wa Sur, kama tunavyowalisha mbuzi na ng'ombe, nao hunenepa mpaka wanang'aa. "Ona tumbo lake," anasema. "Alikuja mbavu tupu, maskini." Kweli limejaa. Nilifurahi kuliona.

Nimeandikia hotuba yangu mle bandani, mgongo wangu ukutani na kichwa chake gotini kwangu. Nimefuta ile ya nguvu. Korongo wa Uganda hana nguvu, ana taji tu na mguu mmoja ameuinua. Nimeandika hivi: pengine nchi humchagua mnyama na kumweka kwenye picha ili watu wake waone haya kumdhuru.

Halafu nikatazama mlango uliofungwa kwa komeo.

Jumatatu, 13 Julai

Asubuhi hakusimama. Tumbo ni gumu, ukiligonga linalia kama ngoma. Anasaga meno. Bibi anasema ni jicho, amechoma ubani na kumsomea. Azzan alikimbia kwa Khalaf. Nilimfuata mpaka ukutani nikasikiliza kutoka upande wetu.

"Anakufa, Khalaf. Mwite yule mtu, ana daktari."

"Mgonjwa hatamtaka." Sauti ile ile ya utulivu.

"Basi tumpeleke kwa daktari wa serikali."

"Tumpeleke? Yuko shambani kwangu? Gari ni langu? Fanya unavyoona, ya Tabora."

Niliondoka kabla Azzan hajageuka. Nilitembea mpaka kwenye simu ya dukani, juani, bila kumwambia Mama. Sijawahi kupiga simu ofisini kwa Baba. Mwanaume akapokea, akauliza nani, nikashindwa kusema, akauliza tena kwa ukali. Nikasema, "Binti wa Hamed." Muuza duka na wateja wake wawili wakanitazama.

Baba alipokuja kwenye simu nilisema kwa Kiswahili, ili wale wasielewe. "Baba, si mbuzi wa jirani."

Jumanne, 14 Julai

Amekufa leo asubuhi, kabla ya Baba kufika.

Azzan alikuwa amemkumbatia tangu alfajiri, akimkanda tumbo kwa mafuta. Ndama alinyoosha miguu yote minne kama anayetaka kuanza kukimbia, akapumua kwa nguvu mara moja, basi. Azzan aliendelea kumkanda. Bibi ndiye aliyemshika mkono. "Mwache, baba. Amekwenda."

Hapo ndipo Azzan alipotuambia juu ya mama wa ndama. Hakutoroka. Walimkimbiza kwa gari mpaka akaanguka mwenyewe, bila risasi, bila kuguswa. Ndama alirudi akasimama karibu yake, na kwa hiyo kumshika ilikuwa rahisi. Azzan hakuruka kama alivyosema. Alitembea tu.

"Alinitazama nikija," akasema. "Hakukimbia."

Gari la Baba liliingia, na nyuma yake gari la daktari wa mifugo. Baba alisimama mlangoni mwa banda na kanzu yake ya ofisini. Daktari alimpima ndama, akampasua tumbo kule nyuma ya ukuta. Mimi nilibeba ndoo ya maji ya kunawia, ndiyo maana nilisikia alipomwambia Baba. Ndama alikuwa bado wa kunyonya. Tende zimemchachukia tumboni. Kwa maziwa peke yake, akasema, pengine angeishi.

Baba akaniona. Alinichukua pembeni, chini ya mitende, na mara ya kwanza tangu afike akanishika bega.

"Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Bibi yako asijue. Hili tutalibeba mimi na wewe tu."

Kisha akaenda kwa Azzan. Nilitarajia atampiga. Alikaa chini kando yake, kwenye udongo.

"Unajua nilipofika hapa kutoka Tabora walinipa nini? Walinipa karatasi ya uraia na mti mmoja wa kupanda. Sikuwa hata na Kiarabu cha kusema asante. Umechukua kitu cha nchi hii, Azzan. Nikupeleke, au utakwenda mwenyewe?"

"Nitakwenda mwenyewe."

"Na wenzako?"

Azzan akatikisa kichwa.

Jumatano, 15 Julai

Azzan amekwenda kituo cha polisi baada ya alfajiri, kwa miguu. Kaliacha gari. Hakuvaa kilemba.

Jumamosi, 18 Julai

Tunachambua tende. Hakuna anayeimba kwenye masufuria yetu.

Jumanne, 21 Julai

Tumekwenda mahabusu ya Ibra kumwona Azzan. Amenyolewa. Amekonda uso, masikio yamekuwa makubwa. Mama alimpa mkate alioupika, akaulaza mikononi kama kitu kigeni. Nilikuwa nimemkasirikia, nilikuwa na maneno nimeyapanga njia nzima. Badala yake nikamkatia kipande cha ule mkate.

"Khalaf kaja?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Familia ya Khalaf imeng'oa hema siku ile ile ya mazishi ya ndama, tende zao ziko juu ya miti bado. Hakuna jina la mtu lililotajwa kituoni isipokuwa la Azzan. Atashtakiwa peke yake.

"Bado," nikasema. "Pengine atakuja."

Akatabasamu. Alijua. "Umemaliza hotuba yako?"

"Sitasoma."

"Soma," akasema. "Waambie wewe. Mimi nilitaka niwe wa hapa kwa njia ya mkato."

Jumamosi, 25 Julai

Matokeo yametoka gazetini. Nimefaulu. Mama alilia, na sidhani ilikuwa kwa ajili hiyo.

Alhamisi, 30 Julai

Ukumbi ulikuwa na watoto arubaini hivi na mama zao nyuma. Bibi alikaa safu ya tatu, kanga yake ya zamani inachungulia chini ya abaya. Mji mzima unajua habari za kaka yangu. Nilipoitwa, wanawake wawili waliinamiana.

"Sauti!" akapiga kelele mtoto mmoja kabla sijasema chochote, na watu wakacheka, na hilo likanisaidia.

Nikasoma. Nikawaambia juu ya twiga asiyegombana na mtu, na watoto wakapenda habari za simba na wake zake. Nikafika kwa maha. Nikasema kwamba aliwahi kumalizika, akarudi kutoka mbali, na kwamba hakuna aliyemwuliza amezaliwa wapi. Nikasema ndiyo maana walimchagua, kwa sababu walishajua nchi inavyokuwa bila yeye. Nikasema kwamba picha haitoshi kumlinda. Hapo nikaishusha karatasi.

Msichana mdogo wa mbele akanyoosha mkono. "Wewe umewahi kumwona?"

Ustadha Thuraya akafungua mdomo kunisaidia. Nikamtangulia.

"Nimemwona. Nimemshika. Masikio yake yana joto."

"Anakula nini?"

Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa ameinua kidevu, ananisikiliza kwa mwili wote.

"Majani ya jangwani," nikasema. "Na mizizi. Na umande anaulamba asubuhi."

Wakapiga makofi. Sikumbuki nilivyoshuka.

Tulirudi kwa miguu, kandokando ya falaji, Bibi ameniegemea mkono. Uwanja wetu wa kuanikia ulikuwa umejaa tende kavu, nyekundu, zinangoja magunia. Bibi akasimama pale kuvuta pumzi.

"Umesema vizuri sana, mwanangu. Hata Azzan angefurahi. Ila umesahau kitu kimoja."

"Nini, Bibi?"

"Hukuwaambia watoto kwamba anapenda tende."

Maji yalikuwa yanapita miguuni petu. Nikaurekebisha mkono wake kwenye mkono wangu.

"Nimesahau, Bibi."